Utafiti wa nyanya ulivyonifikisha kwenye mizani ya jikoni

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho katika kitivo cha kilimo ulikuwa na swali fupi: je, matandazo ya nyasi kavu, yaani nyasi zinazotandazwa kufunika udongo, yanapunguza kuoza kitako kwa nyanya? Aliyewahi kulima zao hili anaijua hasara hiyo. Tunda huanza kuiva vizuri, jekundu na lenye kung'aa, lakini ukiligeuza unakuta kitakoni doa jeusi lililobonyea, kavu na gumu kama kipande cha ngozi. Wengi hukimbilia kupuliza dawa ya ukungu, ilhali chanzo chake si kimelea, bali ni upungufu wa kalisiamu ndani ya tunda. Kalisiamu husafiri pamoja na maji kutoka mizizini, na kwa kuwa majani hupoteza maji mengi kuliko tunda, ndiyo yanayopata sehemu kubwa. Udongo unapokauka, ukaloweshwa, kisha ukakauka tena, tunda changa hukosa mgao wake hata kama kalisiamu imo ardhini ya kutosha.

Msimu wa kwanza niliupoteza. Ploti, yaani vipande vidogo vya shamba, zenye matandazo niliziweka zote upande wa chini wa shamba, na zisizo na matandazo upande wa juu, kwa sababu tu nyasi zilikuwa karibu na upande ule. Matokeo yalipendeza mno, nikayapeleka kwa msimamizi wangu kwa furaha. Aliyasoma, akaniuliza maji ya mvua huelekea wapi katika shamba lile, kisha akasema kwa upole, "Hapa umepima mteremko, hujapima matandazo." Niliumia sana, lakini alisema kweli: upande wa chini ulihifadhi unyevu hata kabla sijatandaza unyasi mmoja.

Nilirudi kwenye mbinu za kupanga majaribio ambazo mwanatakwimu Ronald Fisher alizijenga miaka ya 1920 katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Safari hii niligawa shamba katika vitalu 4 vilivyokingama na mteremko, kila kitalu kikiwa na ploti 4, nikapiga kura kwa vikaratasi ili kila ploti ipate matandazo au ikose, na imwagiliwe kidogo kila siku au maji yale yale yote kwa mara moja kila baada ya siku 4. Miche ya pembezoni sikuihesabu, maana hupata mwanga na nafasi zaidi ya wenzake. Nyanya zilizooza kitako zilikuwa nyingi zaidi palipokosekana matandazo na maji yakachelewa. Na hapo hapo kwenye kuchelewa ndipo matandazo yalipoonyesha msaada mkubwa kuliko kwingine kote. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko alama niliyopewa, kwa sababu wakulima wengi hawana uwezo wa kumwagilia kila siku.

Jioni moja ya mavuno, nikiwa nimetoka kupima kreti baada ya kreti, niliketi kula na kuona kwamba sahani yangu ilikuwa na vipande viwili tu vya nyanya. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, viazi na mihogo visihesabiwe. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni, nikapima kila nilichokula kwa wiki nzima. Hakuna siku niliyofika hata nusu.

Nilianza na kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba: nyanya chini ya matandazo, na mboga za majani nilizopanda kwa awamu, kila baada ya wiki mbili, ili zisikomae zote kwa pamoja. Tunda nalila asubuhi, kabla shughuli hazijanisahaulisha. Nyanya nyingi nazipika kwa mafuta kidogo, kwa kuwa likopeni, ile rangi yake nyekundu, hufyonzwa vizuri zaidi na mwili ikipikwa pamoja na mafuta. Chache nazila mbichi, kwani moto huharibu sehemu ya vitamini C. Ilinichukua karibu miezi mitatu kuzoea, na siku za safari bado hunishinda. Daftari la utafiti sikulitupa: ukurasa wa kushoto naandika nyanya zilizooza kitako, wa kulia gramu nilizokula, na jana ulisoma 430.