Karafuu ya kwenye chai na karafuu ya kwenye chupa: vipimo ninavyotumia Mbeya

"Dada, si karafuu tu hiyo? Mbona kwenye chai tunaweka?" Wateja huniuliza hivyo karibu kila ninapokataa kuongeza mafuta ya karafuu kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Mimi hujibu kwa hesabu. Punje moja ya karafuu kavu ina uzito wa gramu 0.1 hivi. Asilimia 15 hadi 20 ya uzito huo ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ndiyo yenye ile harufu na ule ukali unaotia ganzi ulimi. Kwa hiyo punje moja ina miligramu 12 hadi 16 za eujenoli, na hazitoki zote kwenye chai. Mililita moja ya mafuta yaliyokenekwa ina miligramu 800 na ushei. Anayemimina mililita moja amemimina punje kama 60 kwa mpigo.

Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, imeweka kiwango cha eujenoli ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote: hadi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtu mzima wa kilo 60 anafikia miligramu 150, mtoto wa kilo 10 anafikia 25. Kijiko cha chai cha mafuta hayo kina zaidi ya 4,000. Watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 wamewahi kupoteza fahamu, kupata degedege na kuumia ini. Ndiyo maana chupa yangu hukaa juu kabatini, imefungwa, mbali na chupa za dawa ya kikohozi. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Ngozi ina hesabu yake. Eujenoli ni miongoni mwa viambato vya manukato vinavyojulikana kuleta mzio wa ngozi. Mzio huu hauji siku ya kwanza. Mtu anaweza kujipaka miezi mingi salama, kisha mwili ukishaitambua kama adui, kiasi kidogo tu kinatosha kuleta vipele na muwasho, na hali hiyo haiondoki. Wataalamu wa mafuta tete (mafuta ya mimea yenye harufu kali) hutaja kikomo cha asilimia 0.5 ya mafuta ya karafuu kwa bidhaa inayobaki mwilini. Mimi naishia 0.2. Kwa watoto wachanga sitii kabisa, wala kwenye mafuta ya kupaka miguu iliyopasuka. Hapa ndipo penye ubishi Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapopausha ngozi na visigino kuchanika: wateja wanataka mafuta "yanayochoma kidogo" wakiamini kuchoma ndiko kupona. Kuchoma ni ngozi iliyo wazi inayoumizwa, na kupitia mpasuko huo eujenoli inaingia kwa urahisi zaidi.

Kosa kubwa la watengenezaji wengi ni kuhesabu matone. Tone hutegemea mdomo wa chupa na joto la chumba; chupa mbili tofauti hazitoi tone sawa. Pima kwa uzito. Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja hauwezi kupima gramu 0.2, lakini kuna njia. Changanya gramu 10 za mafuta ya karafuu na gramu 90 za mafuta ya parachichi, tikisa, andika "karafuu 10%" na tarehe. Sasa kila gramu 10 za mchanganyiko huo zina gramu moja ya karafuu. Kwa makopo kumi ya gramu 100 nayeyusha gramu 180 za nta ya nyuki ndani ya gramu 800 za mafuta ya parachichi ya Rungwe, sufuria ikiwa juu ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Nikiepua nasubiri hadi pembeni paanze kufanya utando, natia gramu 20 za mchanganyiko, nakoroga na kumimina haraka. Ukiutia mapema, harufu inapotea na mvuke, nawe utashawishika kuongeza.

Sabuni ni ngumu zaidi, maana eujenoli ikikutana na kostiki soda, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inaharakisha kila kitu. Unakoroga uji laini, unatia karafuu, na kabla hujafikia kibao cha kumiminia (kasha ambamo sabuni hugandia), ndoo nzima imekuwa ugali. Kwa kilo moja ya mafuta natumia mawese ya Kyela gramu 400, nazi 300, parachichi 300. Kostiki gramu 143 ndani ya maji gramu 330 (kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si kinyume). Wengi hushauri kupoza mafuta sana ili kuzuia kuganda ghafla. Kwa Mbeya ushauri huo unaponza: mawese yakishuka chini ya nyuzi 35 huanza kuganda yenyewe, unadhani sabuni imeshika, kumbe ni mafuta yamepoa, na baadaye maji ya kostiki yanajitenga kwenye kibao. Nafanya kazi kwenye nyuzi 42 hadi 45. Gramu 50 za parachichi naziweka kando na kuzichanganya na gramu 8 za karafuu. Blenda ya mkono naitumia hadi uji mwepesi tu, kisha naizima; karafuu naikoroga kwa mwiko wa mbao, mizunguko ishirini hivi, namimina papo hapo. Ikiganda hata hivyo, usiitupe: irudishe kwenye sufuria iliyo ndani ya maji yanayochemka, ongeza vijiko viwili vya maji, funika, koroga mara kwa mara hadi ilainike. Itakuwa na sura mbaya, ila itaogea. Rangi ya kahawia inayokuja baadaye ni ya karafuu yenyewe.

Mafuta yenyewe yakaguliwe kabla ya kulipia. Ya karafuu ni mazito kuliko maji. Tia matone kadhaa kwenye glasi ya maji: safi huzama na kukaa chini kama shanga, yaliyochakachuliwa sana kwa mafuta ya kupikia huelea. Uliza pia kama ni ya punje, majani au makonyo (vikonyo vinavyoshika punje), maana ya makonyo huwa na eujenoli nyingi zaidi. Yahifadhi kwenye kioo cheusi. Kizibo chenye mpira wa kudondoshea hulainika na kunata baada ya wiki chache, na plastiki ngumu ya vikombe vyepesi huliwa.

Kwenye chakula natumia punje. Anayelazimika kutumia mafuta kwenye biskuti anunue yaliyoandikwa ni ya chakula, ayapunguze kwa mafuta ya kula hadi asilimia 10, kisha atie nusu gramu tu kwa kilo ya unga uliokandwa.

Kwenye lebo naandika Eugenol kwa jina hilo hilo la kimataifa. Umoja wa Ulaya unadai itajwe ikizidi asilimia 0.001 kwenye bidhaa inayobaki mwilini na 0.01 kwenye inayosuuzwa, na vipimo vyangu vyote vinazidi hapo. Usajili wa vipodozi na vyakula uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, lakini hata kabla ya kufika huko, mteja mwenye mzio anastahili kulisoma neno hilo kabla hajafungua kopo. Asiyejijua namwambia apake kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, asubuhi na jioni, siku saba. Pakiwasha au kuwa pekundu, arudishe kopo.