Jinsi nilivyoupanga upya mlima wa Iten kwa baiskeli

Tatizo la safari ya baiskeli kati ya Iten na Kabarnet, huko Kenya, lilikuwa Bonde la Kerio lenyewe. Iten iko kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitoka hapo asubuhi kwenda Kabarnet na kurudi, mteremko wa kwanza ni raha tupu, lakini kupanda kwa zaidi ya mita 1,000 kupitia Tambach kunakungoja alasiri, jua likiwa kali na miguu imechoka.

Nikaigeuza safari. Tulilala Kabarnet, tukaondoka mara tu barabara ilipoonekana vizuri, tukavuka daraja la Chebloch kabla bonde halijachemka.

Ikabaki gia, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kichwa. Gia nyepesi kabisa ya baiskeli yangu ya mbio ilikuwa na meno 34 mbele na 28 nyuma. Kwa mizunguko 60 ya miguu kwa dakika, hiyo ni kilomita 9 hivi kwa saa. Kwenye mwinuko mrefu sina nguvu za kushikilia kasi hiyo, kwa hiyo miguu inapunguza mwendo na magoti ndiyo yanayolipa. Fundi akanifungia gia kubwa ya nyuma yenye meno 34, pamoja na mnyororo mrefu kidogo (usiubanie pesa, mfupi unaweza kuvunja vyuma vya nyuma). Mizunguko ileile sasa ni kilomita 7 na nusu, na pumzi inatosha hata kupiga soga.

Maji tuliongeza Tambach. Iten tulifika jua halijawa la utosi, tukaagiza chai na chapati.