Nafsi ya Kwanza

Juzi binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye daftari la Kiswahili akaniuliza, "Mama, nafsi ni roho au ni sarufi?" Walikuwa wamepewa zoezi la viambishi: ni-, u-, a-. Nikamwambia asubiri kidogo, nikaenda kusimama dirishani.

Nilikuwa na miaka 16. Tuliambiwa tuandike hadithi fupi ya kubuni, nami nikaandika juu ya mvulana anayebeba mwavuli siku za jua. Kwa nini anaubeba, sikueleza. Hata mimi sikujua. Ulikuja tu kalamuni. Mwalimu akaniita baada ya vipindi, nikadhani nimeharibu tahajia.

Tahajia hakuigusa. Alipiga mstari kwa penseli chini ya sentensi moja: "Aliushika mwavuli, akasubiri mlangoni."

"Isome."

Nikasoma.

"Sasa isome kwa nafsi ya kwanza."

Inatoka a, inaingia ni. Viambishi tulivyovikariri tangu utotoni kama wimbo. Nikafungua mdomo. "Ni..." Ikakwama. Naikumbuka ncha ya penseli yake ilivyotulia palepale chini ya neno, haisogei, hainiharakishi. Nazikumbuka kelele za wenzangu uwanjani. "Ni..." Ndipo nikauona: mweusi, mpini umezungushiwa uzi, nyuma ya mlango wa nyumbani, pale baba alipouacha asubuhi aliyotoka asirudi tena.

"Niliushika mwavuli," nikasema, "nikasubiri mlangoni."

Nikalia. Hakuniuliza ni wa nani.

Kesho yake akaniazima Nagona ya Euphrase Kezilahabi, riwaya nyembamba iliyotoka mwaka 1990. Niliisoma mara tatu bila kuielewa sawasawa. Msimulizi wake anasema "mimi" tu, anasafiri ndani ya mafumbo, anatafuta. Lakini nilishikwa. Mzaliwa huyu wa Ukerewe, mwenye Kikerewe chake, alikuwa amekichukua Kiswahili akakisukuma hadi mahali ambapo maneno yenyewe yanaanza kuuliza maswali. Darasani tulizoea ishara zenye majibu ya mtihani: njiwa ni amani, giza ni ujinga. Mwavuli wangu haukuwa na jibu la namna hiyo. Ulinitangulia. Ulijua nisichoweza kukisema, ukakisema kupitia mvulana ambaye hakuwahi kuwepo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile ni- ndiyo iliyosema kweli, na a- ilikuwa mahali pa kujificha. Siku hizi nasitasita. Bila a- nisingeufikia ule mlango kabisa.

Niliporudi mezani, binti yangu alikuwa ameshaendelea: ninasoma, unasoma, anasoma. Mbele ya neno "nafsi" aliacha mstari mtupu, kalamu mkononi, ananisubiri.