Luxor: mabawa kwenye jeneza la Tutankhamun

Feri ya wenyeji inayovuka Nile kutoka Luxor hujaa asubuhi: akina mama na vikapu vyao, vijana wanaowahi vibarua, watalii wachache. Ng'ambo nikapanda teksi hadi Bonde la Wafalme, walikozikwa wafalme wa Misri ya kale, jua likiwa limeshaanza kuchoma. Kaburi la Tutankhamun, mfalme aliyefariki akiwa kijana, lina tiketi yake peke yake, na waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani. Wa kwetu alituweka kivulini, akatoa picha zake na kutusomesha kabla hatujashuka.

Kaburi lenyewe ni dogo. Maiti ya mfalme imelazwa ndani ya kioo, imefunikwa shuka, uso na miguu tu ndivyo vinaonekana. Watu wote walijazana hapo na simu zao. Nikawaachia, nikaenda kuegemea kizuizi cha upande wa pili, maana nilichokifuata kilikuwa kule chini: jeneza la jiwe.

Limechongwa kutoka bonge moja la kwatzaiti ya njano, aina ya jiwe gumu, urefu wake kama mita 2.7. Kila pembe amesimama mungu wa kike: Isis, Nephthys, Neith na Selket. Wamenyoosha mikono, na mabawa yao yametanda juu ya kuta za sanduku. Nilikodolea macho bawa moja muda mrefu. Manyoya yamepangwa safu kwa safu, na kila unyoya umepewa mstari wake. Ukiwa mwizi, au jini, utapenya wapi? Chini kabisa zinapokezana alama mbili: djed, nguzo inayochukuliwa kuwa uti wa mgongo wa Osiris, mungu wa wafu, na tyet, fundo la Isis. Mume na mkewe, basi, ndio waliobeba mzigo wote.

La kushangaza ni kwamba mabawa hayo hayakuwapo mwanzoni. Watafiti wameona kwamba maandishi ya awali yalifutwa, mengine yakachongwa, na mabawa yakaongezwa baadaye. Kifuniko nacho si cha jiwe hilo. Ni cha graniti, kikapakwa rangi ya njano ili kifanane na sanduku. Tena kilipasuka katikati enzi hizo hizo, ufa ukazibwa kwa jasi na kupakwa rangi juu yake. Howard Carter, mwanaakiolojia Mwingereza aliyegundua kaburi hili, alikiinua Februari 1924. Mwongozaji wetu aliamini kwamba mfalme huyo kijana alifariki ghafla, mafundi wakalipua kazi. Mimi naona anayekaa kuchonga manyoya namna ile hakulipua; kifuniko ndicho kilichowashinda.

Tulipotoka tukaingia kwenye kaburi la Ramesses VI, mfalme wa baadaye na jirani wa juu. Vibanda vya wafanyakazi wa kaburi hilo ndivyo vilivyofukia mlango wa Tutankhamun, wezi wa baadaye wakaupita. Yeye mwenyewe hakubahatika: jeneza lake la jiwe la kijani lilivunjwavunjwa, na vipande vikaunganishwa tena miaka yetu hii. Uso unaouona pale ni nakala. Wenyewe uko London, British Museum.