Kichupa chenye lebo ya mwenzake

Sijalala vizuri, acha niandike tu. Jana asubuhi imekuja barua ya watengenezaji kwamba loti moja (yaani toleo moja la kiwandani) ya kalibreta ya kreatinini, ile taka ya kwenye damu tunayoipima kujua figo zinafanyaje kazi, imebandikwa lebo siyo, tuache kuitumia mara moja na tuhesabu zilizobaki. Nikaenda kwenye friji na ile karatasi mkononi, namba ya loti nikaisoma mara tatu, ni yetu. Boksi moja halijafunguliwa, jingine tulishalimaliza.

Kwa ambao hamjawahi kufanya kazi maabara, ile mashine haijui kreatinini ni nini, inachopima ni mwanga kiasi gani umemezwa na rangi iliyotokea, na kalibreta, kimiminika ambacho kiasi chake kimeandikwa kwenye lebo, ndiyo inayoifundisha kwamba rangi hii maana yake ni kiasi hiki. Sasa tuseme kichupa kina 320 lakini lebo inasema 340, mashine inaamini lebo, na kuanzia hapo kila mgonjwa anapandishwa kama asilimia 6, mwenye 160 anatoka na 170, na ripoti inatoka safi kabisa, hakuna alama wala onyo.

Kinachoniuma ni chati ya kontroli, ile sampuli ya kiasi kinachojulikana tunayoipima kila asubuhi kuijaribu mashine. Nimeitoa tena jana nikaikagua, nukta zote tangu tufungue ile loti zimekaa juu ya mstari wa katikati, siku 11 mfululizo, hakuna hata moja iliyovuka SD 2, yaani mpaka wa onyo, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nasaini naendelea. Kanuni za Westgard za kusoma chati hizi zipo tangu 1981 na mojawapo inasema nukta 10 mfululizo upande mmoja ujue kipimo kimehama, naijua hiyo, wanafunzi wa fildi nawafundisha mwenyewe! Nikasema aah ni loti mpya, itatulia. Mkubwa wetu kaniambia nisijilaumu, kosa la lebo ni la kiwandani. Ni kweli, ila chati ile nilikuwa naiona mimi.

Sampuli tunazitunza siku 7, kwa hiyo tulikalibreti kwa loti nyingine tukazirudia zote, tumetoka usiku. Wengi haijabadilisha kitu. Yupo mmoja ana kisukari, tuliripoti kiwango cha figo kuchuja damu (kinakokotolewa kwa kreatinini, ikipanda chenyewe kinashuka) 29 kumbe ni 31, na chini ya 30 madaktari wanasimamisha metformin, dawa yake ya kisukari. Nilimpigia daktari wake, dawa alishaikatisha juzi. Alinyamaza kidogo halafu akaniuliza una uhakika na hii ya sasa? Nikamwambia nimeirudia mara mbili na kontroli zimekaa katikati, akasema sawa, nitumie kwa maandishi.

Wale wa siku 4 za mwanzo sampuli zao zilishatupwa, hao lazima warudi kutolewa damu upya, na unaanzaje kumwambia mtu majibu tuliyokupa hatuyaamini tena. Orodha ninayo hapa mezani, nimeshapiga simu 9, wawili hawajapokea, nitawajaribu tena saa nne.