Daftari la namba 31: msimu wangu wa kuruka na ski huku ngazi za chini

JULAI

Haya nimeanza rasmi. Wanaonijua wanakumbuka msimu uliopita nilitaka kufuatilia Kombe la Dunia zima la kuruka na ski (mtu anateleza mteremko na mbao ndefu mbili miguuni, anaruka, anapimwa kaenda umbali gani na katua vipi) nikaishia njiani, mana kule kila mtu yupo, takwimu zimejaa za kumwaga, mbeba maboksi wa shifti ya usiku hapa Erfurt, Ujerumani, ataongeza nini. Kwahiyo safari hii nimeshuka chini. Chini ya Kombe la Dunia kuna Continental Cup, chini yake FIS Cup (FIS ndo shirikisho la ski la dunia), chini zaidi Alpen Cup ya vijana wa nchi za Alps, na mimi nimeamua kukaa kwenye hizo mbili za kati.

Mradi ni mwepesi kuuelezea: kila shindano naandika mtu mmoja tu, aliyeshika nafasi ya 31. Mshindi ana watu wake wa kumwandika.

Iko hivi. Raundi ya kwanza wanaruka wote, raundi ya pili wanarudi 30 tu, na hao ndo wanagawana pointi: wa kwanza 100, wa pili 80, wa tatu 60, inashuka hivyo hivyo mpaka wa 30 anaondoka na pointi 1. Wa 31 anaondoka na baridi. Sasa mtu wa Kombe la Dunia akikosa hiyo pointi ananuna wiki moja yanaisha, ila huku chini pointi moja ndo cheti chenyewe, hujapata pointi ya ngazi za huku basi Continental Cup huanzi, na hujapata ya Continental Cup basi Kombe la Dunia utaliangalia kwenye tivii kama mimi. Wa 31 ni yule abiria wa Mbagala ambaye mguu mmoja umeshapanda na konda anapiga bodi gari iondoke.

Na ndiyo, nimesema Julai. Kilima kinavishwa nyasi za plastiki, wanazimwagia maji ziteleze, wanaruka na jua linawaka. FIS Cup inajumlisha kiangazi na baridi kwenye jedwali moja, Continental Cup inatenganisha, kwahiyo nimefungua shiti mbili.

Mama kanitumia voisi baada ya kuona klipu niliyomtumia: "Sasa baba, hao wanaruka kwenda wapi?" Nimeisikiliza mara tatu, jibu bado natafuta.

SEPTEMBA

Mwezi mzima nimetengeneza Eksel na nimeipenda kuliko mashindano yenyewe, mungu anisamehe.

Hesabu yake kwa wasiojua, nachukua kilima cha Brotterode ambacho nitakirudia huko mbele. Kina alama inaitwa K, pale iko mita 105. Ukitua hapo hapo unapewa pointi 60. Kila mita ukizidisha unaongezwa 1.8, kila mita ukipungukiwa unakatwa 1.8 (vilima vyenye K ya 80 mpaka 99 inakua 2 kwa mita). Tuseme kijana katua 100.5, kapungukiwa 4.5, anakatwa 8.1, anabaki na 51.9. Halafu majaji watano, kila mmoja ana 20 za kutoa, unafuta ya juu na ya chini. Wakimpa 16, 16.5, 17, 17 na 17.5 zinabaki 16.5 na 17 mbili, jumla 50.5. Huyo kijana yuko 102.4 kabla ya pointi za upepo na kabla ya za geti, yaani pale juu wanapoanzia kuteleza, panaposogezwa juu au chini.

Sasa angalia udogo wa mambo. Umbali unapimwa kwa nusu mita, nusu mita ni pointi 0.9. Jaji anashuka kwa nusu pointi. Tofauti ya wa 30 na wa 31 mara nyingi haifiki hata pointi moja! Yaani mguu mmoja uliochelewa kutangulia wakati wa kutua, ule mtuo wa telemaki wa goti moja mbele, unakula cheti cha mtu.

Upepo ndo ulinipa raha ya kutafuta majina. Nilianza kuandika "upepo wa mbele" na "upepo wa nyuma", shiti ikawa ya kishule shule sana. Nikamkumbuka babu yangu wa Pangani, mtu wa jahazi, kwake upepo wa mbele ni upepo wa omo na wa nyuma ni wa tezi. Basi kolamu zangu zinaitwa OMO na TEZI. Kinachochekesha ni kwamba babu akikutana na omo alikua anatukana, huku omo ndo raha, inaingia chini ya ski zilizofunguliwa kama V inambeba mtu, na tezi ndo inamkandamiza chini kama mtu kamkalia mgongoni. Kwahiyo wa omo anakatwa pointi, wa tezi anaongezwa, ndo sheria ya tangu 2009 walipoanza kuijaribu.

DESEMBA

Nimeharibu. Jumla zangu zilikua hazifanani na matokeo rasmi, mara zimezidi mara zimepungua, nikadhani wao ndo wamekosea (ndo kiburi cha mtu mwenye Eksel). Tarehe 27 na 28 Continental Cup huwa iko Engelberg, Uswisi, wakati wakubwa wanajiandaa na Vilima Vinne, yale mashindano yao makubwa ya mwisho na mwanzo wa mwaka, nikakaa na chai yangu nikakokotoa mmoja mmoja, kumbe nimegeuza alama. OMO ilikua inaongeza na TEZI inakata. Babu angefurahi, ila shiti nzima ya Desemba nimeifuta nikaanza upya saa nane usiku, nikiwa ofu, siku ya pekee ya kulala.

Kitu cha pili, bado cha Engelberg. Nimejifunza kutoandika 31 mpaka PDF ya mwisho itoke. Mtu anaruka, anakua wa 22, halafu anaitwa kupimwa suti, suti imezidi upana, anafutwa, na wote waliokua chini yake wanapanda ngazi. Wa 31 anakua wa 30 akiwa ameshaanza kufungua buti. Tangu Machi 2025, ile aibu ya Wanorwe kwenye mashindano ya dunia kwao Trondheim, suti zilipokutwa zimeshonwa uzi wa kukaza kwa siri, nadhani hakuna anayeichukulia suti kama nguo tena.

JANUARI

Fomula imenirudishia neno la kosa kwenye mstari mmoja, nikahangaika jioni nzima. Kumbe raundi ya kwanza 31 haipo! Wawili wamefungana nafasi ya 30, wote wanaingia raundi ya pili, anayefuata anaandikwa wa 32. Nimekaa nikiangalia ile seli tupu. Nifanye nini, niandike wa 32? Sio mtu wangu. Nimeiacha tupu nikaipaka njano.

Huku kazini nikisema naangalia ski wale Wakenya wawili wa kitengo cha pili wanaanza kunitajia Philip Boit, Mkenya mwenzao, Olimpiki ya Nagano 1998, kilomita 10, yule bingwa Mnorwe Bjørn Dæhlie alivyomsubiri mstarini akamkumbatia. Nawaambia ile ni ski ya kukimbia, mimi naongelea ya kuruka, wanasema si ni theluji ile ile. Sawa.

Wakitaka hadithi mimi nawapa Noriaki Kasai. Mjapani, kazaliwa 1972, Olimpiki nane kuanzia 1992 mpaka 2018, medali ya fedha ya kilima kikubwa Sochi akiwa na miaka 41. Baada ya hapo akaporomoka, akawa anarukia Continental Cup na watoto ambao hawajazaliwa alivyoanza. Hakuacha. Februari 2024 Sapporo akaanza tena Kombe la Dunia, ana miaka 51, na akashika nafasi ya 30. Pointi 1. Mimi kwangu ile ya 30 ina uzito kuliko fedha ya Sochi, mtu abishe.

FEBRUARI

BROTTERODE! Nimeenda mwenyewe.

Kutoka kwangu ni msitu wa Thuringia huo, kijiji kiko chini ya mlima Inselsberg, na kilima chao, HS117 (HS ni ukubwa wa kilima kwa mita), huwa kinapokea Continental Cup karibu kila Februari. Nimeenda na mzee mmoja wa kazini ambaye utotoni alikua anaruka vilima vidogo vya huku, njia nzima ananielezea jinsi zamani wapimaji walivyokua wanasimama kwa mstari pembeni ya mteremko, kila mtu ana mita zake chache za kukodolea macho, mguu ukigusa kwenye eneo lako unanyoosha mkono. Sikuhizi kamera.

Kwenye tivii hausikii kitu. Pale chini unasikia kwanza mlio wa ski kwenye reli za barafu, kama mtu anachana khanga ndefu, halafu kimya, kabisa, halafu juu ya kichwa chako inapita sauti ya hewa kupigwa pigwa na suti, halafu PA! mbao mbili kwenye theluji. Kocha juu kwenye jukwaa lao anashusha bendera, taa imeshakua kijani, na mtoto wa watu anajiachia kutoka kwenye ubao. Watu tuliokuwepo tungeenea kwenye mabasi machache. Soseji ilikua tamu.

Mzee akanionyesha sehemu alipoanguka Thomas Diethart. Huyo Mwaustria ndo mfano wa hii ngazi yote kwa pande zake mbili. Desemba 2013 alikua mtu wa Continental Cup, akaitwa Kombe la Dunia, na Januari 2014 akabeba Vilima Vinne mbele ya dunia nzima. Miaka miwili baadae, Februari 2016, karudi hapa hapa Brotterode kutafuta pointi za Continental Cup, akaanguka vibaya. 2018 akastaafu. Mzee alikua hapo siku hiyo, kanielezea kidogo akanyamaza, tukanunua chai.

Mtu wangu wa 31 nilimwona kwa macho. Wanaruka wadhaifu kwanza na wazuri mwisho, kwahiyo ukiruka mapema jina lako linaanza juu ubaoni halafu linateremshwa na kila anayefuata. Kijana alishamaliza kuruka, kafungua zipu mpaka kifuani, ski kaziegemeza begani, kasimama kwenye uzio hatua nne kutoka nilipo, anaangalia ubao. 19. 23. 26. Hapo akafunga zipu, kwamba labda anarudi juu. 28. 30. Wamebaki wawili. Wa kwanza kati yao upepo wa tezi ukamkandamiza akatua mapema, kijana akabaki 30. Wa mwisho, ndo yule namba moja wao, akaruka kama kawaida yake, kijana 31. Akafungua zipu tena. Hakupiga teke kitu, hakusema kitu, kachukua kijiti akaanza kukwangua theluji iliyoganda kwenye bindingi.

Nimeandika mstari wake kwenye simu pale pale na vidole havifanyi kazi. Kesho yake nilikua na shifti, wakati wa breki nikafungua matokeo kwanza kabla ya chakula: wa 29. Pointi 2. Nikapiga kelele, supavaiza akauliza kuna nini, nikasema hakuna.

Klipu moja nilimtumia mama. Kajibu: "Huyo wa mwisho kaenda mbali. Na mwingine yule mwenye fimbo anasafisha nini?"

MACHI

Msimu umekwisha, shiti imejaa. Seli moja ya njano. Nimeongeza kolamu mpya mwishoni, inaitwa ALIRUDI, naandika kama wa 31 wa Jumamosi kapata pointi Jumapili. Nimejaza robo tu, nyingine nitamalizia nikipata ofu, ikishindikana basi Julai.