Mkawaambie Wanafunzi Wake na Petro

Somo: Marko 16:1-7

Wapendwa, Bwana amefufuka kweli kweli!

Mariamu Magdalene, Mariamu mamaye Yakobo na Salome walifika kaburini jua lilipoanza kuchomoza, wakiwa na manukato ya kumpaka marehemu. Waliambiwa hayupo, amefufuka. Kisha wakapewa ujumbe: "Enendeni zenu, mkawaambie wanafunzi wake na Petro."

Kila ninapousoma mstari huu nauliza: kwani Petro si mmoja wa wanafunzi? Kwa nini atajwe peke yake? Naamini ni kwa sababu yeye mwenyewe asingethubutu tena kujihesabu miongoni mwao. Usiku ule uani kwa Kuhani Mkuu, akiota moto, alimkana Bwana mara tatu, tena kwa kulaani na kuapa. Luka anasimulia kwamba Yesu aligeuka akamtazama, naye akatoka nje akalia kwa majonzi. Siku iliyofuata Yesu alisulubiwa. Petro alibaki na neno ambalo hakuwa na mtu wa kumwomba radhi kwalo, maana aliyemkosea amekufa.

Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya Pasaka. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure, na bado tumo katika dhambi zetu. Tungebaki na msalaba tu, tungemlilia mtu mwema aliyeonewa, na Petro angeishi na majuto yake hadi kufa. Lakini Yu hai! Aliyekosewa amerudi, na anamtafuta aliyemkosea kabla huyo hajamtafuta yeye.

Luka na Paulo wote wanasema Bwana alimtokea Simoni, yaani huyu Petro. Waliyozungumza hapo hayakuandikwa, nami naona ni vyema yakabaki siri yao wawili. Tunachosimuliwa ni la kando ya bahari ya Tiberia, katika Yohana 21: moto wa makaa tena, samaki, mkate, na swali lililoulizwa mara tatu, "Wanipenda?" Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu. Msamaha wa Yesu haukuruka jeraha, uliligusa. Tena hakuambiwa akae pembeni kwanza hadi aaminike. Alikabidhiwa kondoo papo hapo.

Kanisa huadhimisha Pasaka kwa siku 50, hadi Pentekoste, kwa hiyo hatujachelewa. Pengine wewe ndiye uliyeacha kusali kwa sababu ya jambo ulilolitenda, ukaona shangwe hii ni ya wengine. Ujumbe wa kaburini umekutaja. Na kama unamjua ndugu aliyejificha kwa aibu, aliyekuwa akiimba nasi au akitufundisha, mtafute wiki hii. Mwite kwa jina lake, umwambie Bwana amefufuka, na habari ya kosa lake asiisikie kinywani mwako.